Naomba ushauri: kutoa modemu za simu ya mezani kwenye vituo vya kupima kina cha mto

Habari zenu wakuu. Nahudumia vituo vya kupima kina cha maji mtoni. Kila kituo kina kirekodi data cha zamani chenye poti ya RS-232 (tundu la zamani la kutuma data kwa waya), na modemu kwenye laini ya simu ya mezani. Usiku kompyuta ya ofisini hupiga, huchukua vipimo, hukata. Sasa nyaya za shaba zinaibwa, na mvua zikianza tu, wakati ambao watu wa bondeni wanazihitaji data hizo kuliko wakati wowote, vituo vinakuwa kimya.

Kubadili virekodi vyote bajeti hairuhusu. Nawaza modemu za 4G zenye RS-232, na ofisini programu ya kuunda poti bandia ili mfumo wa zamani uendelee kufanya kazi. 2G (mtandao wa simu wa kizazi cha pili) siitaki; kampuni ya simu ya AT&T ya Marekani ilizima ya kwake mwanzoni mwa 2017, na wengine wamefuata.

Kinachonisumbua zaidi: laini za kawaida za simu za mkononi mara nyingi hazipati anwani ya IP ya umma (inayofikika kutoka intaneti), hivyo ofisi haiwezi kukifikia kituo. Niombe APN binafsi (njia ya faragha ya data ndani ya mtandao wa kampuni ya simu), au modemu ndiyo ianzishe VPN (njia iliyosimbwa kupitia intaneti) kuja ofisini? Virekodi hivi havina ulinzi wa maana, kuviacha wazi intaneti ni hatari.

Halafu mfumo wetu husubiri jibu kwa muda mfupi mno, na mtandao wa simu huchelewesha pakiti (vipande vya data). Aliyewahi kurekebisha hili alianzia wapi? Na kwa sola ndogo, modemu iwake muda wote au kwa ratiba?