Binti kapata nafasi ya kusomea mionzi, ndugu wananivuruga. Nikate miti au nisubiri?

Mama Neema, Njombe
Wakuu habari za jioni. Binti yangu kamaliza kidato cha nne: Biolojia C, Fizikia D, Kemia D. Aliomba uuguzi, chuo kimempa stashahada ya mionzi, miaka 3. Mjomba wake anasema kupiga eksirei ni kubonyeza kitufe na kompyuta zitaichukua kazi hiyo. Shangazi naye anasema mionzi itamharibu uzazi. Ada inatoka kwenye mipaina yangu ekari moja, nayo nikishaikata nimeikata. Mnaoifahamu kazi hii, semeni.

Chumba cha Giza
Mama Neema, shikamoo kama umenizidi. Nilianza kupiga eksirei 2009, tunaosha filamu kwenye dawa gizani. Siku hizi kile chumba tunawekea mifagio.

Kitufe ni kweli, hakifiki sekunde. Kazi iko kabla ya kitufe. Bibi kaanguka, nyonga imevunjika, hataki hata shuka iguswe, na daktari anataka picha za pande mbili. Hapo ndipo utamjua mtaalamu. Mwaka wangu wa kwanza nilipiga mkono wa mtoto, nikasahau kuweka kile kiherufi cha madini ya risasi kinachoonyesha kwenye picha upande wa kulia. Nikabahatisha baadaye, nikakosea. Bahati daktari aliushika mkono kabla ya kuufunga plasta. Mpaka leo kiherufi ndicho kitu cha kwanza kushika.

Hilo la kompyuta halijaanza leo. Mwaka 2016 Geoffrey Hinton, bingwa kabisa wa akili bandia, alisema watu waache kufundisha madaktari wa radiolojia, ndani ya miaka 5 mashine zingewashinda. Miaka imepita na bado wanatafutwa. Tena yeye alisema wasomaji wa picha. Sisi tunaopiga, nani atamgeuza yule bibi?

Uzazi: tunasimama nyuma ya kinga na tunavaa kipimo kifuani kinachosomwa kila baada ya muda. Kikomo cha kimataifa kwa mfanyakazi, asichotakiwa kuvuka, ni wastani wa milisiveti 20 (kipimo cha mionzi mwilini) kwa mwaka, ukipigwa kwa miaka mitano. Akipata ujauzito atoe taarifa mapema, apangiwe majukumu upya. Halafu utrasaundi na MRI, ile mashine ya picha ya sumaku, hazitumii mionzi hiyo kabisa. Mke wangu yuko kitengo hiki hiki, tuna watoto watatu, wasumbufu kweli kweli.

Ajira sasa, nisikudanganye. Fedha za UVIKO-19 zilizokuja 2021 zilileta siti skani (CT, eksirei inayozunguka mwili na kutoa picha za vipande) kwenye hospitali za mikoa ambako zamani mgonjwa alisafirishwa. Mashine zimeongezeka. Lakini vibali vya serikali vya kuajiri vinakuja kwa mafungu, na vijana wengi wanajitolea mwaka au zaidi wakila kwa wazazi. Kwa hiyo usikate ekari nzima, bakiza miti ya kipindi hicho. Akimaliza asajiliwe kwenye baraza letu la wataalamu wa mionzi, kisha ang'ang'anie siti skani. Wanaoiweza vizuri hawakai mtaani sana.

Fundi Spana
Kama Fizikia anaipenda, kuna upande wetu wa ufundi wa vifaa tiba, DIT, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, wanafundisha. MRI moja sumaku yake inapozwa kwa heliamu ya nyuzi 269 chini ya sifuri. Ikizingua, daktari na mpiga picha wote wanakaa nje wananisubiri mimi.

Chumba cha Giza
Fundi, D ya Fizikia hiyo, mwache mtoto.

Pwani Tulivu, Mombasa
Huku kwetu Kenya, KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, wanafundisha mionzi pia. Dada yangu amesoma hiyo, yuko utrasaundi, kina mama waja wazito wanampenda kuliko daktari. Ila mgongo unamuuma, kutwa ameinama.

Mama Neema, Njombe
Asanteni sana. Nimemsomea Neema yote. Kauliza kimoja tu: hicho kiherufi cha risasi mtu anapewa au ananunua?

Chumba cha Giza
Vya idara vipo, lakini vinapotea kila wiki. Wengi tunachongesha vyetu, chini tunaweka herufi za jina, picha ikikosewa ijulikane ni ya nani. Nitumie herufi zake.