Kisima kina chumvi na zabibu zinapasuka bandani: nipunguze maji au niongeze?

Mzabibu wa Kibada:
Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Ninaishi Kibada, Kigamboni, na nyuma ya nyumba nina banda kitalu la mita 8 kwa 15 lenye mizabibu 24 ya zabibu za mezani, iliyo katika msimu wake wa pili. Ninamwagilia kwa matone, na maji yanatoka kisima kirefu. Msimu wa kwanza mizabibu ilistawi vizuri, lakini tangu punje zianze kubadilika rangi, kingo za majani ya chini zimekauka na kuwa za kahawia kama zilizobabuliwa na moto, hali katikati ya jani bado ni kijani. Nilidhani ni kiu, nikaongeza maji asubuhi na jioni. Wiki moja baadaye punje kadhaa zilipasuka zikiwa kichalani, na zilizosalimika ni ndogo, tena hazina utamu. Kwenye matundu ya mipira ya matone kumeganda ukoko mweupe, na nilipouonja ulikuwa na chumvi. Mizabibu hii nimeilea mwenyewe tangu ikiwa pingili, na inaniuma kuiona hivi. Naombeni ushauri.

Mkulima wa Hombolo:
Pole sana, ndugu yangu. Huku Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, na kupasuka huko tunakufahamu: ni maji mengi yaliyoingia kwa ghafla wakati punje imekwisha kujaa na ngozi yake haiwezi tena kutanuka. Kuanzia mzabibu unapochipua hadi punje zinapofunga na kuanza kukua, usiuache ukauke, kwa sababu punje iliyodumaa katika wiki hizo hainenepi tena sawasawa hata uimwagie maji kiasi gani. Rangi ikianza kuingia, ndipo sisi hupunguza maji kidogo kidogo ili sukari na rangi vikolee. Kwa hiyo, mimi ningekushauri upunguze.

Mama Shamba, Bunju:
Mkulima wa Hombolo amesema kweli kwa mtu mwenye maji yasiyo na chumvi, lakini kuhusu kisima hiki naomba nitofautiane naye kwa heshima. Jani linaloungua kuanzia ukingoni, tena majani makongwe yakitangulia, huonyesha chumvi, hasa kloridi, ambayo hupanda na maji na kubaki ndani ya jani maji yanapotoka kama mvuke. Ukipunguza maji ya namna hiyo, chumvi iliyomo udongoni itazidi kukolea kuzunguka mizizi, na mzabibu utashindwa kunywa ingawa udongo una unyevu. Hiyo ndiyo kiu uliyoiona, na ndiyo maana punje zimedumaa. Shamba la wazi huoshwa na masika, ilhali ndani ya banda mvua haiingii, na kila lita ya kisima huacha chumvi yake palepale. Tafadhali pima maji kabla ya kuamua lolote. Mwongozo wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, unaonyesha kwamba maji yasiyozidi desisimensi 1.0 kwa mita (kipimo cha chumvi majini) hayapunguzi mavuno ya zabibu, yakifika 1.7 mavuno hupungua kwa takriban asilimia 10, na yakifika 2.7 hupungua kwa asilimia 25.

Mzabibu wa Kibada:
Ahsante, mama. Nimeazima kipimo leo asubuhi: kisima kimesoma 2.6, na maji ya mvua niliyokinga kwenye ndoo yamesoma 0.1. Sikutegemea tofauti kubwa namna hiyo.

Mama Shamba, Bunju:
Basi jibu lako liko juu ya paa la banda. Ukichanganya sehemu moja ya kisima na sehemu mbili za mvua, utapata takriban 0.9, nayo ni salama. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa hiyo mvua ya milimita 50 juu ya banda lako la mita za mraba 120 ni lita 6,000, ukiondoa kidogo kinachopotea. Weka mifereji pembeni na utafute tangi kubwa kadiri unavyomudu, kwa sababu kati ya Juni na Septemba mvua ni haba na utaishi kwa akiba.

Ukishavuna, osha udongo kwa kumwaga maji mengi ya mvua polepole, hadi yapite chini ya mizizi, lakini hakikisha kwanza kwamba yana pa kwenda. Yakituama, mizizi itaoza. Usitumie samadi mbichi ya kuku wala mbolea ya kloridi ya potasiamu, maana zote zinaongeza chumvi. Chukua sulfati ya potasiamu. Maji yakishakuwa mazuri, ndipo ushauri wa kupunguza wakati wa rangi utakapokufaa, na upunguze kwa hatua.

Mkulima wa Hombolo:
Nimekuelewa, mama, na ninakubali. Mimi nilikuwa ninazungumza kwa maji ya kwetu. Ndugu wa Kibada, kwa vichala vilivyopo sasa, chukua mkasi mdogo uondoe kila punje iliyopasuka bila kuigusa jirani yake, kwa sababu ukungu huanzia hapo, kisha ufungue pande za banda tangu asubuhi ili hewa ipite. Mizabibu ipe maji kidogo kidogo kila siku, kwa kipimo kilekile, mpaka utakapovuna.

Mzabibu wa Kibada:
Nimeanza na kichala cha kwanza: nimetoa punje 11, zimebaki zaidi ya 60. Fundi wa mifereji anakuja Jumamosi.