Mji Mkongwe ukitengenezwa, wenyewe tunabaki wapi?

mtoto_wa_malindi: Asalaam aleikum wadau. Nyumba ya bibi yetu Mji Mkongwe boriti za juu zishaoza, sasa kaja mtu anataka tumkodishe miaka mingi aifanye hoteli, kuitengeneza yote juu yake. Familia imegawanyika. Mie nikipita Shangani naona majumba yamependeza kweli lakini barazani hakuna mtu, watoto waliokuwa wakicheza mpira uchochoroni hawapo. Toka 2000 tumo kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, hivi kuna mji uliofufuliwa kwa majengo yake ya zamani na wenyeji wakabaki?

fundi chokaa: Mdogo wangu kabla ya mwekezaji tazameni dari na mapaa. Nyumba nyingi zinaoza kwa sababu maji yanavuja halafu mtu anapiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa mawe na chokaa, ukuta ule unataka kupumua, saruji inafungia unyevu ndani na chumvi inakula taratibu. Ila msikae mkibishana sana, Beit al Ajaib, lile jumba la sultani la 1883, sote tuliona Desemba 2020, upande mzima umekwenda na watu wawili wakafa.

Hafsa_K: Upo, mtaa wa Darb al-Ahmar, Cairo, nimesoma kule. Pembeni yake palikuwa jalala la miaka mia kadhaa, likageuzwa bustani ya Al-Azhar hekta 30, ikafunguliwa 2005, na walipochimba wakaufukua ukuta wa mji wa zama za watawala wa Ayyubi. Ni taasisi ya Aga Khan, hao hao waliotengeneza bustani yetu ya Forodhani 2009. Ila kule hawakuishia bustanini, waliingia mtaani, wenye nyumba wakapata mikopo ya kukarabati, vijana wakafundishwa useremala na uashi. Hicho ndicho sie tulichokosa.

baharia77: Mie nipo Liverpool. Tulitolewa kwenye orodha hiyo ya urithi wa dunia 2021 kwa ajili ya majengo mapya gatini, uwanja wa mpira ukiwemo. Wapo wanaosema bora ajira kuliko jina, siwalaumu. Ndugu yangu kodisheni chini iwe duka, nyie kaeni juu, kodi ilipe boriti.

mtoto_wa_malindi: Ahsanteni sana. Fundi nakuja inbox uje kutazama. Bibi nimemsomea yote, kasema duka sawa, ila baraza isiguswe.