Mtu mzima na vitabu vya hadithi za picha: niache ama niendelee?

Baba Zuhra (Lamu)
Asalaam aleikum ndugu zangu. Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Langoni, mke mmoja, watoto watatu. Usiku nikishafunga hesabu za saruji na misumari, ambazo siku hizi hazisemeki, napanda juu na kitabu cha hadithi za majini na wafalme. Vile vyenye picha.

Nikipendacho zaidi nilikipata Malindi kwenye vitabu vya mitumba, vile Wataliano huacha wakirudi kwao. Kitaliano sijui, basi nasoma picha. Kuna moja, nyeusi na nyeupe: kitoto cha kike kiko kitandani na mbwa mwitu aliyevaa kofia ya bibi. Shuka kimelivuta hadi kifuani, kinamtazama yule mnyama kama mgeni aliyekwisha kushuku chakula lakini adabu inamzuia kusema. Picha hiyo pekee yanitosha usiku mzima, kichwa kinatulia.

Shida ni shemeji yangu. Alinikuta nacho, akaipeleka habari barazani. Sasa nikipita baada ya isha naitwa Sungura. Mke wangu hasemi kitu, ila kitabu nakikuta kabati la watoto kila mara. Niache? Nijifiche? Ama huyu shemeji nimjibu nini?

Mla Mahamri
Sasa saruji tununue kwa Sungura ama tungoje Fisi afungue duka? 😂 Nakutania kaka. Lakini kweli, baba wa watoto watatu? Tazama mpira.

Bi Mkubwa wa Mkomani
Na huo mpira si wazee wazima kupigia kelele kitu cha duara? Baba Zuhra mwanangu, hadithi zilikuwa za wakubwa, sisi watoto tulizidokoa tu. Nyanya yangu akisema "Paukwa", waliowahi kuitikia "Pakawa" walikuwa mama zetu. Kuna kile kisa cha paa aliyemtajirisha maskini, akampa jina la Sultani Darai, na paa alipougua bwana wake hakwenda hata kumtazama. Mtoto ataelewa nini hapo? Mie kimeniingia uzeeni, baada ya kuwaona kina Darai wangu.

Vitabu Chakavu (Malindi)
Kwa ulivyoieleza, picha hiyo ni ya Gustave Doré, Mfaransa aliyezichorea hadithi za Charles Perrault mwaka 1862. Perrault alizichapisha 1697, na waliozifurahia ni mabwana na mabibi wa Paris. Hata ndugu Grimm, wale Wajerumani wawili waliokusanya hadithi za kale, kitabu chao cha 1812 kilitoka bila picha, kimejaa maelezo ya kitaalamu. Mtoto angekitupa. Shemeji akizidi, mtajie Arthur Rackham wa Uingereza: alizichorea za Grimm mwaka 1900, akazirudia kwa rangi 1909, na nakala za bei ghali akazitia sahihi kwa mkono wake. Hizo si za chekechea. Wanaonunua vitabu hivi kwangu wengi wana mvi, husema ni vya mjukuu. Ukiwauliza jina la mjukuu, wanatafuta.

Nesi wa Zamu ya Usiku
Kaka, kusoma soma. Hata mimi nikitoka zamu sitaki maneno mengi, picha haiulizi kitu. Ila umesema hesabu "hazisemeki" ukapita mbio. Wifi anazijua? Huenda hicho kitabu anakiondoa si kwa aibu ya watu, ni kwamba ukishakifungua humwoni tena.

Baba Zuhra (Lamu)
Nesi, hapo umenishika. Hajui zote. Leo tutaketi.
Bi Mkubwa, shikamoo. Hilo la mpira naenda nalo barazani.
Vitabu Chakavu, huyo Rackham unaye? Unaweza kumpa dereva wa basi la Mokowe?

Bi Mkubwa wa Mkomani
Marahaba.

Vitabu Chakavu (Malindi)
Ninaye mmoja, chapa ya juzijuzi tu. Yule wa sahihi ungeuza duka. Huyu jalada limeliwa na mende pembeni, picha zote zimo. Nitumie namba faraghani tuelewane bei. Lakini ongea na mkeo kwanza.