Nilishikwa mkono na mtu nisiyemjua pale Kabwe, naombeni ushauri

Mwanamitumba: Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Nauza mitumba Mwanjelwa, hapa Mbeya. Juzi nimefunga kibanda kama saa moja usiku, nikatembea hadi Kabwe kusubiri daladala ya Uyole. Begani mfuko wa nguo, kwapani pochi yenye hela ya mchezo, ile ya kuchangiana na kupeana kwa zamu, ya akina mama kumi na wawili. Ghafla mwanamume akanidaka kifundo cha mkono kwa nyuma. Navuta, anakaza. Navuta tena, ngozi inachubuka. Watu wanapita tu. Mwishowe nikachomoka. Naombeni kujua, mtu akikukamata hivyo unajinasuaje? Sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Kaka wa Soweto: Pole. Ila hela za watu unatembea nazo usiku za nini? Si ungetuma kwa simu?

Mwanamitumba: Kaka, mchezo wetu tunakabidhiana mkononi, wote tukishuhudia. Na sikuuliza habari ya hela.

Mama Ilomba: Mdogo wangu, mimi nilipitia mgambo, nakujibu ulichouliza. Usivute kinyumenyume, mnashindana nguvu na atakushinda. Mlango wa kutokea uko pale gumba lake linapokutana na vidole. Piga hatua kumfuata, kunja kiwiko chako kisogee kwenye kiwiko chake, geuza mkono ule upande mwembamba uelekee kwenye gumba, kisha uchomoe ghafla kama unajikuna bega. Fanya na dada yako nyumbani mara ishirini, leo hii. Ukishatoka, kimbilia penye taa na watu. Usibaki kumpiga.

Dereva wa Tunduma: Hapo kwenye watu kupita nakubaliana na Mwanamitumba. Mwaka juzi abiria wangu alivutwa na mtu stendi, konda wangu akaniambia "achana nao, mambo ya mtu na mkewe." Kumbe hawajuani! Hadi leo najilaumu. Dada zetu, pigeni kelele: "SIMJUI HUYU!" Halafu mchague mtu mmoja, mtaje kwa nguo: "Kaka wa jaketi la njano, nisaidie!" Akishatajwa hawezi kujifanya hajasikia.

Mzee wa Tukuyu: Zamani tukitoka Tukuyu kwa miguu na mikungu ya ndizi kichwani, hakuna aliyemgusa binti wa mtu. Malezi yamepotea.

Mama Ilomba: Mzee wangu shikamoo. Hata zamani walishikwa, walinyamaza tu. Mwanamitumba, umesema "mwishowe nikachomoka." Ulichomokaje? Ulipiga kelele gani?

Mwanamitumba: Nilipiga kelele tu.

Mama Ilomba: Ukisema nini?

Mwanamitumba: Nilisema mwizi.

Dereva wa Tunduma: Mungu wangu.

Mwanamitumba: Msinihukumu. Lilitoka lenyewe. Vijana wa bajaji walikuja mbio, mmoja ameshika spana. Yule mtu akaniachia. Wakamwangusha. Nilisikia teke la kwanza, nikaingia kwenye bajaji nikaondoka. Jana jirani wa kibanda kaniambia yule mtu yuko hospitali, mkono umevunjika, na ndugu zake wanamuulizia dada wa mitumba. Nimeshahamishia mzigo kwa shangazi Tunduma. Ndiyo salama yangu. Na yeye ndiye aliyeanza.

Kaka wa Soweto: Hii chai. Mwanzo unauliza namna ya kujinasua, sasa una majeruhi, ndugu na shangazi Tunduma. Kesho atafufuka. Weka picha.

Bajaji Mafiati: Mimi sikuwepo siku hiyo, lakini ile kelele naijua. Ukisikia "mwizi" huulizi. Nimeshawahi kurusha jiwe, baadaye tukaambiwa yule kijana alikuwa anakimbilia gari. Niliacha siku hiyo.

Mwanamitumba: Kaka wa Soweto, siwezi kuweka picha ya mkono wangu. Alama ni nne upande wa juu na moja chini, zimegeuka zambarau. Na kifungo cha koti lake kimebaki kwenye kamba ya mfuko wangu, cha kahawia, kina uzi bado. Mnataka niseme lote? Alikuwa ananiita Neema. "Neema, ngoja. Neema, nisikilize." Mimi siitwi Neema.

Kaka wa Soweto: Samahani dada.

Mama Ilomba: Sikiliza mdogo wangu. Kushika mwili wa mtu kwa nguvu ni kosa, hata kama alikufananisha. Kujitetea unaruhusiwa, Kanuni ya Adhabu inasema hivyo, ila inataka nguvu iwe ya kiasi kinachohitajika. Swali litakuja kwenye lile neno, na ukiwa Tunduma atalijibu mwingine kwa niaba yako. Nenda polisi wewe kwanza, uliza Dawati la Jinsia na Watoto, eleza kama ulivyotueleza sisi, Neema na mwizi vyote. Omba PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, upimwe huo mkono kabla alama hazijafutika. Kifungo usikitupe.

Mwanamitumba: Naogopa kukutana na ndugu zake pale.

Mama Ilomba: Huendi peke yako. Kesho saa mbili asubuhi njoo Kabwe na mtu wako, upande wa kituo cha Uyole. Nitavaa kilemba cha kijani na sweta jeusi.

Mwanamitumba: Nitakuja na shangazi. Anakuja na gari la alfajiri.