Wazo la kuchukua fedha za kwaya linanijia, nalikataa. Je, nimeshatenda dhambi?

SautiYaPili:
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mimi ni mweka hazina wa kwaya. Fedha za kurekodi ziko kwenye simu yangu kwa sababu kikundi hakijafungua akaunti benki, na nyumbani kwangu mambo yamebana. Basi kila nikifungua simu wazo linakuja: azima, utarudisha kabla hawajauliza. Halisemi "iba" hata siku moja. Linakuja na adabu zake, tena linanikumbusha kwamba mimi ndiye ninayejitolea kuliko wote. Linanifuata mpaka kwenye maombi. Sijagusa hata senti.

Kinachoninyima usingizi ni Mathayo 5:28. Ikiwa atazamaye kwa kutamani amekwisha kuzini moyoni, mimi si mwizi tayari? Na Yesu je? Waebrania 4:15 inasema alijaribiwa sawasawa na sisi, bila kufanya dhambi. Ule mkate Ibilisi aliomjaribu nao jangwani ulimvutia kweli, au yalikuwa maonyesho tu?

Tafadhali asinijibu mtu "omba sana". Ninaomba.

KatekistaMstaafu:
Tumsifu Yesu Kristo, dada. Mt. Augustino alipoieleza Hotuba ya Mlimani alitaja hatua tatu: kudokezwa, kufurahia, kuridhia. Dhambi hukamilika kwenye ridhaa. Kudokezwa huna hatia nako, hukukuita. Jichunguze hapo pa pili: wazo likishaingia, unalitoa, au unalipa kiti na kuanza kupiga hesabu utarudisha lini? Yule wa Mathayo 5:28 anaendelea kutazama makusudi ili atamani. Ameshakubali, amekosa nafasi tu. Wewe nafasi unayo mkononi kutwa nzima na hujaitumia.

Abba Poemen, mmonaki wa jangwa la Misri, aliendewa na ndugu aliyelemewa na mawazo. Akamtoa nje, akamwambia atandaze vazi lake aushike upepo. "Siwezi." Basi na mawazo huwezi kuyazuia yasije, akasema, kazi yako ni kuyapinga. Na Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, mwaka 1546 ulifundisha kwamba tamaa inayobaki ndani ya mbatizwa si dhambi kwa maana halisi. Imetoka kwenye dhambi na inavuta kuelekea dhambi, lakini haimdhuru asiyeiridhia.

Mlutheri_Mkaidi:
Mzee wangu, shikamoo. Hapo Trento ndipo tunapoachana. Ungamo la Augsburg la 1530, tamko la imani yetu Walutheri, kifungu cha pili, linaiita hali hiyo tuliyozaliwa nayo dhambi kwelikweli. Simtishi dada. Ninachokataa ni kumpa cheti cha usafi kwa kuwa mkono haujagusa. Hilo la "najitolea kuliko wote" halikudondoka kutoka hewani. Lilikuta kinyongo kinalisubiri. Yakobo 1:14: kila mmoja hujaribiwa na tamaa yake mwenyewe. Dada, tubu hata hicho kinyongo, kisha ulale. Msamaha haungoji moyo uwe mtupu kwanza.

Nuru77:
Swali la Yesu mmeliruka. Mathayo anasema baada ya siku arobaini aliona njaa. Njaa ilikuwa ya kweli na mkate si dhambi. Ubaya ulikuwa katika kutumia uwana wake kujihudumia bila Baba. Ibilisi hakumletea uchafu, alimletea mahitaji yake, na juu ya hekalu akamnukulia Zaburi ya 91! Tazameni na Gethsemane: alitaka kikombe cha mateso kimwepuke, akasema waziwazi, tena akarudia. Kule kutaka hakukuwa dhambi, ila kulimvuta kweli. Tofauti na sisi ni kwamba hakuwa na hicho kinyongo cha Mlutheri ndani yake. Na Luka 4:13 inasema Ibilisi alimwacha kwa muda tu, kwa hiyo dada usishangae lako likirudi.

Fundi_wa_Sauti:
Mnajadili moyo, fedha bado ziko kwenye simu. 1 Wakorintho 10:13 inataja mlango wa kutokea. Yusufu, mke wa Potifa alipomshika, hakubaki ndani akichambua tamaa, alikimbia akaacha vazi.

SautiYaPili:
Mlutheri, la kinyongo umenipata. Tangu uchaguzi wa viongozi wa kwaya ninacho, na sikuwahi kukihusisha na fedha. Fundi, nimeshamtumia mwenyekiti ujumbe kwamba fedha zihamie benki kwa saini za watu wawili. Sasa akiuliza kwa nini ghafla hivi, nimwambie yote?

KatekistaMstaafu:
Mwambie ni utaratibu, maana ni utaratibu kweli. Hayo mengine mpelekee mchungaji wako, si kikao cha kwaya. Ninavijua vikao vya kwaya.

Mlutheri_Mkaidi:
Kwa hili namuunga mkono mzee.