Bibi msahaulifu, presha na sukari: kliniki ya Amu kutoka Siyu

BintiSiyu: Asalaam aleikum jamani. Bibi ana miaka 79, presha na sukari, na ugonjwa wa kusahau umezidi. Tunaishi Siyu, kisiwa cha Pate, na kliniki ni Amu (mji wa Lamu) kila miezi miwili. Foleni haiwezi, na akiulizwa kama anameza dawa hujibu ndiyo, hata mkebe ukiwa umejaa. Tufanyeje?

Nahodha_Mkunguni: Wa aleikum salaam dada. Tarehe iombeni kwa kufuata mwezi wa angani, maana boti ya Siyu hupita maji yakijaa tu. Siku za bamvua (mwezi mwandamo na mwezi mpevu) maji hujaa alfajiri na tena jioni, kwa hiyo mtatoka Siyu baada ya swala na kurudi siku hiyohiyo. Kila siku maji huchelewa kama dakika 50; wiki moja baadaye kurudi ni usiku. Hapo laleni Amu kwa jamaa, au mpandie boti Mtangawanda, gati la Pate lenye maji ya kina.

KikapuChaDawa: Hatari kubwa haiko baharini, iko kwenye ule mkebe. Daktari akiona presha iko juu na kuambiwa dawa zinamezwa, ataongeza dozi. Nyumbani mkianza kumsimamia azimeze zote, presha inaporomoka na bibi anaanguka msalani. Kwa hiyo hesabuni vidonge: alipewa 60, vimebaki 22, semeni 22. Ombeni kusahau kuandikwe kwenye kadi, na dawa ziwe za mara moja kwa siku ikiwezekana. Aende naye mtu anayelala naye nyumba moja, si kijana yeyote mwenye nafasi.

Bebeni dawa zote, hata za duka na mitishamba. Ulizeni hasa kuhusu klorofeniramini ya mafua, amitriptilini ya miguu kuwaka moto na diazepamu ya usingizi: huzidisha kuchanganyikiwa. Ila msizikatize wenyewe.

MamaShela: Masikio yakaguliwe nta, asiyesikia hujibu "ndiyo" kwa kila kitu. Kipimo cha sukari cha wastani wa miezi 3 hakihitaji kukaa na njaa, kiulizieni.

BintiSiyu: Shukran. Na akibadilika ghafla, aanze kuona watu ukutani?

KikapuChaDawa: Hiyo haingoji kliniki. Kusahau huja kwa miezi. Kuvurugika kwa siku moja au mbili mara nyingi ni maambukizi ya mkojo au kifua, kukaukiwa maji, choo kigumu, dawa mpya au sukari kushuka. Pimeni sukari kwanza. Ikiwa chini ya 4 (mmol/L) na anameza vizuri, mpeni vijiko 4 vya chai vya sukari kwenye maji, mpime tena baada ya dakika 15. Hata ikipanda, boti ni ya leo.